Mambo ya Nyumbani: Mabamba ya Zege Yaliyodidimia Uani

Ndugu yetu mmoja msomaji ametuletea barua. Atueleza kwamba uani kwake, baina ya mlango wa jikoni na mahali pa kutawadhia, pana mabamba sita ya zege aliyoyatia marehemu baba yake miaka mingi nyuma. Mawili kati ya hayo yamedidimia, moja kwa vidole viwili na la pili kwa vidole vinne, na kila inyeshapo mvua maji hukusanyika hapo yakakaa siku mbili tatu. Mama yake ni mtu mzima, macho yake hayaoni vyema, naye hupita hapo kila alfajiri kwenda kutawadha. Mwezi uliopita alijikwaa akaanguka, lakini Mwenyezi Mungu alimsalimisha. Wameitwa mafundi wawili. Wa kwanza ataka kupiga lipu juu ya mabamba hayo mpaka yalingane na mengine. Wa pili asema yote yavunjwe, ua mzima umwagwe zege jipya, na ametaja bei ambayo ndugu yetu aiona imepita uwezo wake. Basi atuuliza: ashike neno la nani?

Jawabu yetu ni kuwa asishike neno la yeyote kati yao mpaka ajue kwanza ni kitu gani kilichoondoka chini ya mabamba yake.

Watu wengi wakiona bamba limeshuka hudhani kwamba zege limeharibika. Aghlabu sivyo. Zege ni jiwe. Bamba la meta moja kwa meta moja, lenye unene wa sentimita 10, lina uzito wa kilo 240 hivi, na jiwe la uzito huo hukaa pale lilipowekwa maadamu lina kitu cha kulikalia. Kinachoondoka ni ardhi, nayo huondoka kwa njia zinazojulikana. Wajenzi wengi wana mazoea ya kujaza uani kila kilichobaki katika ujenzi: mapande ya matofali, udongo wa shimo la msingi, hata mifuko na vipande vya mbao, kisha wakamwaga mchanga kidogo juu na kupanga mabamba siku ile ile. Kifusi kisichoshindiliwa kina nafasi tupu ndani yake, na mbao huoza. Mwaka wa kwanza au wa pili kifusi hukaa chini, na bamba likakifuata. Mdidimio wa namna hii hufika pahala pake ukasimama, nao ndio mwepesi kuutengeneza.

Ule usiosimama ni wa maji. Na tupige hesabu kidogo, khasa kwa ajili ya vijana wetu waliomo madarasani. Paa la bati la meta 10 kwa meta 8 lina meta za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 25, na wakati wa masika hilo si jambo la kushangaza, paa hilo humwaga lita 2,000, yaani mapipa kumi ya lita 200. Ikiwa paa halina mlizamu, au mlizamu umetoboka, basi maji hayo yote huanguka katika mstari mmoja kandokando ya nyumba. Hupenya katika viungo vya mabamba, yakachukua mchanga punje kwa punje, hata pakawa na pango. Bamba huweza kukaa juu ya pango hilo muda mrefu pasi na mtu kujua, kisha siku moja likavunjika au likalala upande. Bomba linalovuja chini ya ardhi hufanya kazi hiyo hiyo, nalo halingoji masika.

Wenzetu wa bara waliojenga juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, wana taabu nyingine. Udongo ule huvimba ukinywa maji na husinyaa ukikauka, kwa hivyo bamba hupanda na kushuka kila mwaka, na kulinyanyua mara moja hakutoshi. Lazima udongo wenyewe uchimbwe utolewe, utiwe changarawe badala yake. Mizizi ya mwembe na ya mkungu nayo huinua bamba upande mmoja hata mtu akadhani upande wa pili umeshuka. Wala tusimsahau panya buku, ambaye hupenda sana kuchimba chini ya zege kwa kuwa amepata dari ya bure.

Basi yampasa ndugu yetu achunguze, na uchunguzi huu hauna gharama. Achukue mtaimbo, agonge bamba taratibu kwa kichwa chake toka ncha moja hadi ya pili. Penye ardhi chini yake mlio huwa mzito na mfupi. Penye pango mlio huwa wa ngoma. Kisha afunge mifereji yote ya nyumba usiku watu walalapo, aandike nambari ya mita ya maji, na aitazame tena alfajiri kabla mtu hajafungua mfereji. Ikiwa nambari imesogea, maji yanakwenda pasipojulikana. Tena, mvua inyeshapo, asikimbilie ndani. Asimame barazani atazame kwa macho yake maji ya paa yaangukia wapi, yaelekea wapi, na yaingilia wapi. Na mwisho apige mstari wa penseli ukutani mahali bamba lilipokutana na ukuta, aandike na tarehe. Baada ya miezi miwili au mitatu mstari ule utamwambia kama bamba bado lashuka au limetulia.

Hapa twapenda kuwapa khabari ya chuoni petu. Palikuwa na bamba karibu na birika wanapotawadha watoto, likashuka, na maji yakawa yatuama. Akaja fundi akapiga lipu juu yake, ikapendeza sana. Masika ya kwanza lipu ile ikapasuka kama ganda la yai, kwa kuwa lipu nyembamba haishikamani vyema na zege la zamani lenye utelezi, na kwa kuwa bamba lilikuwa lingali lashuka na mzigo mpya wa lipu juu yake. Wazee wa watoto walipokuja siku ya mapumziko tukalinyanyua, tukakuta kiungo cha bomba la birika chatona. Tone kwa tone, mchanga wote wa chini ulikuwa umekwisha ondoka, na pango lilikuwa laweza kuingia karai zima. Kiungo kile kilitengenezwa kwa muda mfupi kuliko uliotumika kulibandua bamba. Kwa hiyo fundi wa kwanza wa ndugu yetu twamwambia ahsante, na aondoke na lipu yake.

Lakini kabla hajatia mtaimbo popote, ndugu yetu na ajiulize jambo moja ambalo barua yake haikulitaja: je, chini ya mabamba hayo au karibu nayo pana karo la maji machafu, au shimo la choo, au kisima cha zamani kilichofunikwa? Katika nyumba zetu nyingi mashimo haya yako uani papo hapo, na mwenye kujua mahali yalipo ni mzee aliyejenga, naye pengine amekwisha tangulia mbele ya haki. Ikiwa bamba lililoshuka ndilo kifuniko cha shimo, au liko ukingoni mwake, basi haya tunayoyaeleza leo hayahusiani nalo kabisa. Huo si mdidimio. Ni kuta za shimo zinazobomoka, au nondo za kifuniko zilizoliwa na kutu kwa mvuke wa uchafu, na siku moja kifuniko huporomoka na aliye juu yake.

Katika hali hiyo, zungushieni kamba na miti siku hiyo hiyo, watoto wasikaribie, na aitwe fundi anayejua kazi ya makaro. Wala mtu asiingie shimoni kwa sababu yoyote. Hewa iliyomo ndani ya shimo la uchafu huua kwa pumzi chache, nayo haionekani. Pengine hata harufu mtu haisikii, maana hewa ile ikizidi huiua pua kwanza. Misiba mingi ya mashimo huchukua watu wawili au watatu wa nyumba moja, kwa kuwa wa kwanza huanguka, nduguye akaruka kumwokoa, na baba akaruka kumwokoa nduguye. Vijana, tafadhalini, someni tena maneno haya. Anayetaka kuokoa na apige kelele, aite wenye kamba na vifaa, wala asishuke.

Tuchukulie sasa kuwa chini hapana shimo, na ndugu yetu amekwisha jua maji yatokako. Kwanza azibe asili: atie mlizamu penye paa, atengeneze bomba. Kunyanyua bamba kabla ya hapo ni kulipa ujira mara mbili. Na kazi hii ifanywe wakati wa ukavu. Kwa watu wa pwani, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, ardhi ikiwa imekauka na masika hayajaingia.

Mabamba ya baba yake, kwa vipimo alivyovitaja, ni ya sentimita 60 kwa 60, na unene wa 5. Bamba moja basi lina kilo 43 hivi, mzigo wa watu wawili wenye nguvu. Na wayatie nambari kwa chokaa kabla ya kuyaondoa, ili kila moja lirudi mahali pake. Viungo visafishwe kwa tindo hadi bamba liachane na jirani zake. Kisha ncha ya mtaimbo iingizwe kiungoni, chini yake litiwe gogo dogo la kuegemea, na bamba liinuliwe kidogo kidogo. Kila likiinuka, mtu wa pili asukume kipande cha mbao chini yake kwa kutumia fimbo. Tumesema fimbo, hatukusema mkono. Vidole havina kazi chini ya zege, hata kwa nukta moja. Likishainuka, lipitishiwe vipande vitatu vya bomba la chuma, nalo litateleza kando bila taabu.

Pale mahali palipobaki wazi ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mafundi wenye haraka hupenda kupita mbio. Uchimbwe udongo laini wote, taka, mizizi na mbao zilizooza, hadi ifikiwe ardhi ngumu. Huenda ikawa ni sentimita 20, huenda ikawa 50. Uchimbaji uwe wa taratibu, kwa maana mabomba ya maji na nyaya za umeme hupita uani pasipo alama yoyote. Kisha irudishwe changarawe au udongo mwekundu mzuri, kwa tabaka za sentimita 10 hivi, na kila tabaka ishindiliwe kwa gogo zito kabla ya kutia ya pili. Udongo uwe na unyevu: ukiufinya kiganjani ushikamane, lakini usitoe maji. Utajua umeshindiliwa vyema ukikanyaga kwa kisigino na kisiache alama. Juu kabisa litandazwe vumbi la mawe lililochanganyika na kokoto ndogo, unene wa sentimita 3 hadi 5, lisawazishwe kwa ubao ulionyoka. Wengi hutumia mchanga mtupu kwa kuwa ni rahisi. Mahali pakavu wafaa, lakini karibu na birika na chini ya mlizamu twaona ni kumwandalia maji chakula chake.

Kusawazisha nako kuna maana yake. Ua usiwe sawasawa kama meza, maana maji yatasimama juu yake. Uinamie upande wa kuyatoa maji mbali na nyumba, kwa kiasi cha sentimita 2 katika kila meta. Mwinamo huo mguu wa mtu mzima hauuhisi, na maji huuhisi. Asiye na pimamaji na atumie mpira mwembamba upitishao nuru. Utiwe maji yasiyo na mapovu, ncha moja ishikwe ukutani na ya pili mwisho wa ua; maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja popote ziendapo. Tia alama pande zote mbili, teremsha kipimo upande wa kutolea maji, kisha vuta uzi. Mabamba yawekwe juu ya uzi kwa unene wa kidole kidogo cha mtoto, kwani yatakaa chini kidogo baada ya kukanyagwa. Viungo vijazwe mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, ufagiliwe uingie, kisha unyunyiziwe maji.

Kama mabamba ni makubwa, yale ya kilo 240, usiyafanyie ushujaa. Hapo hutakiwa jeki iliyokaa juu ya ubao mpana, na watu wanne, na fundi mzoefu. Na bamba lililopasuka vipande vingi halinyanyuliki. Limwagwe jipya mahali pake peke yake, likae likilowanishwa siku 7, wala lisikanyagwe na gari kabla ya siku 28. Wanaokaa pwani wasichote mchanga wa baharini kwa zege lenye nondo, kwa sababu chumvi huila chuma.

Vijana wengine wametuuliza zamani juu ya mitambo ya Marekani na Ulaya. Ni kweli, huko hutoboa matundu katika bamba wakasukuma chini yake kwa pampu uji wa mchanga na saruji, au povu la poliyurethani, dawa aliyoigundua Otto Bayer na wenziwe Ujerumani mwaka 1937. Povu huvimba, likaliinua bamba, likawa gumu kwa dakika chache. Ni jambo zuri kwa sakafu kubwa ya ghala isiyoweza kubomolewa. Kwa mabamba mawili ya jikoni, mtaimbo watosha.

Lipo jambo la jirani. Ukiinua ua wako vidole vinne, maji yaliyokuwa yakituama kwako yatatafuta pa kwenda, na kama vichochoro vyetu vilivyo, yatakwenda ukutani kwa mwenzio. Haki ya jirani sote twaijua. Mwite kabla ya kuvuta uzi, aone mwinamo waelekea wapi, na kama hapana njia ila upande wake, patanianeni mchimbe mchirizi mmoja wa nyote wawili. Nyumba zikiwa ni za zamani, za mawe ya matumbawe na chokaa, bamba lisibanwe ukutani kwa saruji. Kuta hizo hupumua kwa chokaa, na saruji ikizibana unyevu hupanda ndani ukaangusha lipu ya vyumbani. Iachwe nafasi ya kiganja kimoja itiwe kokoto tupu. Na kwa wakaao Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika urithi wa ulimwengu wa UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu ulioingia mwaka 2001, mabamba ya njiani si mali ya mwenye nyumba. Waulizwe kwanza wenye dhamana ya mji.

Tumrudie fundi wa pili, aliyetaka kuvunja ua mzima. Mabamba manne mazima hayana kosa lolote, na ndugu yetu hana haja ya kulipia kuyavunja. Na amtafute mtu wa tatu, wapatane mbele ya mashahidi juu ya ujira wa mabamba mawili, na katika mapatano itajwe wazi kwamba kushindilia ni tabaka kwa tabaka. Naye mwenyewe, au kijana wake, akae hapo siku ya kushindilia, maana kazi hiyo ikishafunikwa haionekani tena. Akiisha kazi, alipwe siku hiyo hiyo.

Lakini Januari ingali mbali, na mama atapita hapo kesho alfajiri. Kwa mtu mzima kuanguka kidogo huweza kuvunja mfupa wa nyonga, na wengi waliovunjika hapo hawakurudia kutembea kama zamani. Basi jioni ya leo asogeze ndoo na kata ya kutawadhia upande wa mabamba mazima, apake chokaa nyeupe kwenye ukingo uliosimama, aweke taa mlangoni, na afunge kamba imara toka mlango wa jikoni hadi birikani ya kushikia mkono. Hayo yote hayazidi saa moja.

Barua ya dada yetu aliyeuliza juu ya tangi la maji ya mvua lenye ukungu tumeipokea, nayo tutaijibu mwezi ujao, inshallah.